Kuimba Chini ya Uma na Kisu

Kazi yangu ilianzia kwenye meza ya kupigia pasi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka kwetu Kalunguta, na hoteli moja ya Vulamba, hapa Butembo, ilinipa kazi ya kufua na kunyoosha vitambaa vya meza. Chumba cha pasi kilipakana na ukumbi wa chakula, na ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hiyo nilisikia kila kitu cha upande wa pili. Jumapili asubuhi, kabla wafanyabiashara hawajatoka misani na kuja kula na familia zao, mpiga kinanda wa hoteli alikuwa akifanya mazoezi. Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyeletwa na serikali kutoka Kasai, mtu mrefu mwenye koti moja la kijivu. Wiki nzima alifundisha Kifaransa. Jumapili alipiga bolero, valse na rumba za zamani.

Siku hiyo alikuwa akirudia wimbo mmoja, na kila alipofika mahali fulani alikosea noti ileile. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya tano nikashindwa, nikapiga kelele pasi ikiwa mkononi:

"Ni fa dièse, Mwalimu! Fa dièse!"

Kinanda kikanyamaza. Nikasikia viatu vyake vinakuja, kisha kichwa chake kikatokea mlangoni.

"Nani amesema?"

"Ni miye, Mwalimu. Munisamehe."

"Fa dièse uliijulia wapi?"

"Mu korale, ku paroisse yetu. Masista walitufundisha solfège, kusoma noti."

Akatazama meza. "Bon. Ondoa kwanza pasi. Uko unachoma kitambaa cha batu."

Jumapili iliyofuata alimwomba mwenye hoteli aniruhusu nisimame kando ya kinanda kuanzia saa sita hadi saa nane. Mwenye hoteli akakubali, mradi vitambaa viwe vimekwisha. Nikaanza kuamka mapema zaidi ili viishe.

Nilidhani kuimba ninakujua. Kanisani nilikuwa soprano, na sauti yangu ilifika mpaka nyuma, wanakosimama wanaume wasiopenda kukaa. Basi wimbo wangu wa kwanza hotelini niliuimba hivyohivyo, kifua mbele, macho juu. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mtu mzito aliyekuwa na wageni wake mezani, aliweka uma chini, akauliza kwa sauti: "Mais, tumerudi mu misa?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nilitaka kurudi kwenye chumba changu cha pasi na kufunga mlango. Mwalimu hakucheka. Aliendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea, na watu walipoanza tena kula akaniinamia.

"Sikiliza. Mutu anakula, anaongea mambo ya kazi yake. Wewe hapana kumukatiza. Imba chini ya uma na kisu. Sauti yako ipite pale chini, polepole. Akimaliza kuongea, atakukuta."

Ilinichukua miezi kuelewa maneno hayo kwa koo langu. Watu wa Butembo hawachezi mchana wakiwa na wageni. Wanakula mbuzi, wanaongea juu ya makontena yao na barabara ya kwenda mpakani Kasindi, na ukiwasumbua wanakuonyesha. Nilijifunza kuimba kama mtu anayesimulia jambo kwa jirani mmoja. Nilijifunza kutazama meza bila kukodoa macho, kujua yupi ana huzuni, yupi anasherehekea, yupi anataka valse ili mke wake atabasamu. Maneno ya Kifaransa niliyakariri bila kuyaelewa, kisha Mwalimu akanieleza neno kwa neno, na nikagundua kwamba wimbo mmoja niliokuwa nikiuimba kwa furaha ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Kinanda nilijifunza kwa sababu ya mitihani ya taifa. Kila mwaka Mwalimu alikwenda kusahihisha kwa majuma kadhaa, na hoteli haikutaka Jumapili kimya. Mara ya kwanza aliniachia nyimbo tatu tu za mkono wa kushoto. Aliporudi nilikuwa nazo tisa. Hakunisifu. Alivuta kiti, akasema, "Sasa tutengeneze vidole."

Kalunguta ikapata habari. Habari ya mwanamke anayeimba mahali panapouzwa pombe haichelewi. Kiongozi wa korale ya parokia yetu, ambako bado nilikuwa nikienda sikukuu, alinitumia ujumbe kwamba nichague: vazi la korale au mikrofoni. Nikamjibu kwamba ninaweza kuvaa moja na kushika nyingine. Akaja mwenyewe kuchukua vazi.

Kisha akaja mama. Alipanda lori la viazi, akashuka Vulamba akiwa na kikapu cha maharagwe mabichi, akasimama uani mwa hoteli. Hakutaka kuingia. Nilimletea kiti, akakitazama tu. Mama anapokasirika huacha Kiswahili na kusema Kinande peke yake, na siku hiyo hakusema neno moja la Kiswahili.

"Nilikulea uimbie Mungu," alisema. "Hapa unamwimbia nani?"

"Ninawaimbia watu wanaokula, mama."

"Na wanaokunywa."

"Na wanaokunywa."

"Nani atakuoa?"

"Sijui."

"Rudi nyumbani. Kuna shamba, kuna dada yako, kuna korale. Nitaongea na kiongozi."

Nilikuwa na hofu. Nilimpenda mama, na nilijua kule kijijini wanavyomtazama anapopita. Lakini nilijua pia kwamba mahali pale pembeni ya kinanda ndipo mahali pekee ambapo nilikuwa nikitumia kila kitu nilicho nacho: masikio, kumbukumbu, miguu, hata ukali wangu. Nikamwambia, "Mama, nitakuja kulima wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Lakini kazi hii sitaiacha."

Akaniachia kikapu, akatoka. Maharagwe yale nilikula siku nne. Na neno langu nililishika: kila msimu nilikwenda kulima, na kila msimu mama alinipikia, akauliza habari za afya yangu, za hali ya barabara, za bei ya sabuni, na hata mara moja hakuuliza habari za kazi.

Nilikaa hotelini miaka sita. Mwaka wa mwisho alipita kapiteni mmoja wa jeshi, mtu wa mkoa wa Équateur, aliyekuwa akitoka Beni kwenda Lubero kikazi. Alikula peke yake karibu na kinanda. Nilipomaliza alinifuata.

"Ndeko, dada, miye niko mupiga tarumbeta," alisema. "Nilikuwa mu fanfare ya jeshi. Ku Beni niko na batu kumi na tano, tarumbeta tatu, trombone mbili, saxo nne, gitaa, batri, tumba, yote. Hatuna muimbaji. Unakuya?"

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anapangusa kinanda kwa leso.

"Enda," alisema bila kuinua kichwa. "Hapa umekwisha kusoma."

Beni ni karibu kwa ramani tu. Kwangu ilikuwa nchi nyingine: joto, kakao inayoanikwa kando ya njia, Kilingala cha askari na mafonksionere wa serikali. Orkesta ilifanya mazoezi kwenye depo ya kakao, na nguo zetu zilinuka kakao mpaka kanisani. Siku ya kwanza kapiteni alihesabu moja, mbili, tatu, nne, na shaba zote, tarumbeta na trombone, zikaingia pamoja nyuma ya mgongo wangu. Nilisikia sauti hiyo kwenye mbavu kabla ya masikio. Nikaimba. Mimi mwenyewe sikujisikia.

Kapiteni akasimamisha watu. "Mama, sauti iko mu mufuko. Uitoe."

"Nimefundishwa kuimba chini, Kapiteni."

"Nimesikia. Njo maana nilikuita, kwa sababu unajua kuwa mudogo. Sasa ujue kuwa mukubwa. Usishindane na tarumbeta, batakushinda. Pumua wakati zinapumua. Ingia pale zinaacha mulango."

Kwa hiyo nikaanza upya. Nilitafuta milango. Katika kila wimbo nilihesabu mahali shaba zinapokaa kimya na mahali zinaporudi, nikaandika kwenye daftari, na kwa kuandika nikajifunza kusoma karatasi za wapigaji wote, siyo yangu tu. Nikajifunza kuwasalimu watu mia tatu wakati wapigaji wanabadilisha karatasi. Kiswahili kwa wenyeji, Kinande kwa wazee, Kilingala kwa askari, Kifaransa kwa mkubwa fulani anayetaka kutajwa cheo chake. Nikajifunza kucheza na kanali bila kukanyagwa.

Amri ya kutotembea jioni ilipotangazwa kwa sababu ya usalama, kumbi nyingi zilifungwa. Wapigaji wakaanza kuongea juu ya kuuza vyombo. Mimi nilikumbuka hoteli na milo yake ya mchana, nikamwambia kapiteni, "Dansi inaweza kuanza saa saba. Saa kumi na moja kila mutu iko kwake." Alicheka. Lakini tukajaribu. Watu wakaja na makoti na viatu vinavyong'aa, jua likiwa juu ya kichwa, wakacheza rumba huku jasho linawatoka kama wakulima. Kulikuwa na majuma ambayo hatukupiga kabisa, kwa sababu mtaa fulani ulikuwa msibani na hakuna mtu mwenye moyo wa kucheza. Majuma hayo tulikwenda msibani bila vyombo, tukakaa na wafiwa. Kisha tulirudi kwenye depo, tukapiga gamu, noti za kupanda na kushuka.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa nilipoanza kuota rovu, uvimbe wa shingoni. Kwetu milimani wanawake wengi wanalo, bibi yangu alikufa nalo na halikumsumbua. Langu lilianza kubana pumzi. Nilifunga kitambaa shingoni, wasikilizaji wakadhani ni mtindo. Siku moja niliishiwa pumzi katikati ya wimbo, mpiga saksofoni akalazimika kujaza mahali pangu. Jumatatu nikaenda hospitali.

Daktari aliongea nami wazi. "Lazima tulitoe. Lakini karibu nalo kunapita uzi mwembamba sana, njo unaongoza sauti. Nitauchunga. Mais siwezi kukuahidi."

"Nikikataa?"

"Litaendelea kukubana."

Nilitia sahihi. Nilipoamka nilitaka kuomba maji, na kilichotoka kilikuwa upepo.

Sitaongeza chumvi. Nililia siku nyingi. Nilikuwa mtu aliyekasirikiwa na mama mzazi kwa sababu ya sauti, na sasa sauti haikuwepo, na mama alikuwa kando ya kitanda ananilisha uji. Hakusema kwamba ni adhabu. Nilisubiri aseme, hakusema. Alinisuka nywele.

Muuguzi mmoja alinifundisha zoezi: kuchukua chupa ya maji nusu, kutia mrija, na kupuliza huku nikiguna mpaka maji yatoe mapovu. Asubuhi, mchana, jioni. Nilipuliza chupa hiyo jikoni kwa mama, shambani, kwenye foleni ya benki. Baada ya miezi mitatu guno likawa noti. Noti ilikuwa ya chini, kavu, kama ya mwanamume mzee. Nilipojaribu kupanda juu, hakukuwa na kitu huko. Ile soprano ilikuwa imekwenda na haikurudi.

Orkesta ilikuwa imechukua msichana mwingine, mwenye sauti nzuri. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna aliyejua anihitaji kwa nini. Jumanne ya kwanza niliyoweza kusafiri nilikwenda kwenye depo, nikakaa kwenye gunia la kakao na daftari langu. Kapiteni aliniuliza nataka nini. Nikamwonyesha karatasi: trombone ya pili inaingia mapema, na saksofoni tatu zinabeba noti moja bure. Alisoma, akabadilisha, akapiga tena. Kisha akanitazama.

"Kesho ukuye tena," alisema.

Nikaja kesho, na keshokutwa. Nikaanza kuandika karatasi za wote. Kapiteni akiitwa kambini, mimi nilisimama mbele na kalamu ya risasi, nikahesabu kwa mkono. Mwaka ulipita hivyo. Kisha ikaja barua yake ya kuhamishwa. Alituita, akasema orkesta ananiachia mimi.

Saksofoni wa kwanza, mtu mzee kuliko sisi wote, alisimama. "Kapiteni, munisamehe. Orchestre haiwezi kuongozwa na mutu hana sauti. Tena mwanamuke."

Watu wakatazama chini. Nilimuuliza kwa ile sauti yangu mpya:

"Papa, Kapiteni aliimba siku gani?"

"Hajaimba hata siku moja."

"Basi, donc?"

Mpiga tumba akacheka, halafu mwingine. Saksofoni mwenyewe alitingisha kichwa, akakaa, akachukua chombo chake. "Tupige kwanza," alisema. "Nitaona." Aliona kwa miaka mitano, mpaka alipostaafu, na hakuwahi kuchelewa mazoezi.

Wawili waliondoka, hawakutaka kuongozwa nami. Tulibaki kumi na tatu. Nikaandika upya kila wimbo kwa watu kumi na tatu.

Kuimba nilikurudia kwa bahati tu. Familia moja ya wafanyabiashara wa Butembo ilitukodi kwa arusi ya kijana wao, saa sita mchana. Hawakujua kwamba bibi arusi ni mtoto wa dada yangu. Dada yangu alijua kwamba tumekodiwa, lakini hakumwambia mama, kwa maana alimwogopa kama mimi nilivyomwogopa. Basi nilipoingia na orkesta nikamkuta mama amekaa mstari wa mbele na wazee wa ukoo, amevaa kikwembe kipya, na hawezi kutoka bila kuaibisha pande mbili. Aliona kalamu mkononi mwangu. Alikunja mikono.

Yule msichana mwimbaji alikuwa amebaki Beni na homa. Nilipanga tupige bila maneno. Lakini wakati wa kumsindikiza bibi arusi, wanawake wa kwetu wana wimbo wao, na wimbo ule bila maneno ni kama bugali bila mboga. Niliushusha noti nne chini ya sauti za kawaida, nikawaambia shaba wapige kwa kuziba mdomo wa chombo, nikageuka kwa watu, nikaimba. Niliimba kwa namna ya hoteli, kama ninamsimulia jirani. Sauti ilikuwa na mikwaruzo. Wimbo ule una mahali pa kuitikia, na wa kwanza kuitikia alikuwa mama. Aliitikia kwa mazoea, mdomo wake ulimtangulia, kisha akashtuka, lakini wanawake wengine walikuwa wamekwisha kujiunga naye na hakuweza kuacha. Wakainuka. Shaba zikafunguliwa. Nilisikia tena kitu kile kwenye mbavu.

Baadaye nilimpelekea sahani ya chakula. Alikula kidogo, akapangusa vidole.

"Zamani ulikuwa unapiga kelele tu," alisema, na alisema kwa Kiswahili. "Sasa njo nasikia maneno."

Nilimwongezea nyama.

Tangu siku ile ninaimba nyimbo tatu au nne katika kila dansi, zote za chini, nyingine ninamwachia msichana. Jumapili mbili za mwezi niko Butembo, kwenye kinanda cha hoteli nyingine, kwa watu wanaokula. Zilizobaki niko Beni na orkesta. Mama anazeeka vizuri. Hotelini bado haingii, lakini nikienda kulima ananiuliza tulipiga nini, na kama shaba zilikuwa nyingi mno ananiambia nizipunguze.

Mwezi uliopita barabara ilifungwa siku mbili na wapigaji watano walikwama upande wa Beni, trombone zote mbili zikiwa kwao. Huku Butembo arusi ilikuwa kesho yake. Nilikaa mezani kwa dada yangu na karatasi, nikagawa sehemu za trombone kwa saksofoni na kinanda, nikafuta, nikagawa tena. Asubuhi tulikuwa watu wanane, na nyimbo kumi na moja zilikuwa tayari. Saa saba kamili nikahesabu moja, mbili, tatu, nne.